Mja Mzito na Ugonjwa wa Kidole-tumbo

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alinijia mzazi wa mwanafunzi wangu, uso umesawijika. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi 6. Tangu alfajiri tumbo lamwuma, na daktari ataka kumpasua kwa sababu ya kidole-tumbo. "Maalim," aliniuliza, "kisu hicho hakitamwua mtoto?"

Ndugu wasomaji, jawabu la swali hili yafaa lijulikane kabla msiba haujafika, kwani maradhi haya humpata kiasi cha mja mzito 1 katika kila 1,000 hadi 2,000.

Kidole-tumbo ni kijifuko chembamba kilicho mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia, chini. Kikiziba huvimba na kutunga usaha. Kwa desturi maumivu huanza kitovuni, kisha huhamia kulia, pamoja na kichefuchefu na pengine homa. Lakini kwa mja mzito dalili hufichika. Kutapika hudhaniwa ni mambo ya mimba. Na mji wa mimba ukuapo huweza kukisukuma kidole-tumbo juu, maumivu yakasikika hata karibu na mbavu. Hata chembe nyeupe za damu, ziongezekazo kwa maradhi haya, huongezeka pia kwa mja mzito aliye mzima. Kwa hiyo daktari hutazama kwanza kwa altrasaundi, na shaka ikibaki, kwa kipimo cha sumaku. Vyote viwili havitumii miale ya eksirei.

Tiba yake iliyo mashuhuri ni kukitoa, na hutolewa katika mwezi wowote wa mimba. Kila operesheni ina hatari yake, lakini hatari iliyo kubwa zaidi kwa mtoto imo katika kukawia: kikipasuka, usaha huenea tumboni, na mimba zinazoharibika huwa nyingi zaidi.

Basi mgonjwa asikandwe tumbo wala asipewe dawa ya kuharisha. Apelekwe hospitali mara moja. Akipatikana tabibu mwanamke ndiyo bora. Asipopatikana, dharura huhalalisha mwanamume. Na mume asafiriye aache idhini mapema, mkewe asingojee barua huku akiangamia. Kumtegemea Mwenyezi Mungu si kuacha sababu, Mtume wetu (S.A.W.) ametuamuru tujitibu.

Yule bwana alirudi hospitali, yeye na mkewe wakaridhia usiku ule ule. Miezi mitatu baadaye tulikula akika nyumbani kwao. Alhamdulillahi.