Kupandikiza Jino: Utangulizi kwa Msomaji wa Ekalakala

Utangulizi huu nimeuandika nikikufikiria wewe uliye Ekalakala au jirani yake huko Masinga, unayetafuna muthokoi kwa upande mmoja kwa sababu gego la upande wa pili liling'olewa zamani, na ambaye umesikia kwamba siku hizi pengo linaweza kuzibwa na jino lisilovuliwa usiku. Umesikia kweli. Ila wengi hudhani kwamba daktari huchukua jino zima, jeupe, akalisukuma kwenye ufizi na kuliacha lishike. Sivyo inavyofanyika. Kinachopandikizwa ni mzizi peke yake, tena wa chuma, nao hukaa ndani ya mfupa wa taya. Jino unaloliona ukicheka huja mwisho kabisa, mara nyingi baada ya miezi kadhaa, na katika kazi yote hiyo ndilo jambo jepesi. Habari kubwa ni mfupa, na kwa hiyo tutaanza nao.

Jino la kawaida lina sehemu mbili. Iliyo juu ya ufizi huitwa taji, na iliyozama huitwa mzizi. Mzizi umekaa katika tundu la mfupa, lakini hauugusi mfupa wenyewe. Kati yao kuna utando wa nyuzinyuzi, mwembamba usiofika nusu milimita, ambao umelining'iniza jino pale lilipo. Utando huo hulipa jino nafasi ndogo ya kunesa, na umejaa neva. Kila aliyekula maharagwe yasiyochambuliwa vizuri anajua kazi yake: meno yakikutana na kijiwe, taya husimama kabla hujafikiri. Ushike utando huu moyoni, maana kipandikizi hakina, na tofauti hiyo itatufuata hadi mwisho.

Mfupa unaoizunguka mizizi upo kwa ajili ya meno. Kila unapotafuna, mizizi huuvuta na kuusukuma, nao hujijenga kufuatana na kazi hiyo. Jino liking'olewa, kazi inakwisha, na mwili huanza kuupunguza. Katika mwaka wa kwanza, ukingo wa taya mahali pa gego lililong'olewa hupoteza takriban nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Mtu wa Machakos hahitaji maelezo marefu hapa: ameona shamba la mteremko linavyokwenda likikosa matuta na mizizi ya kushika udongo, na tope lake likaishia kwenye bwawa la Masinga. Ndiyo maana daktari atakuuliza mapema jino lako liling'olewa lini. Pengo la mwaka jana na pengo la miaka 30 yanahitaji kazi tofauti.

Afrika Mashariki tuna mapengo ya zamani sana. Wazee wa Kiluo waling'olewa meno sita ya chini walipofikia umri wa kuingizwa utu uzima, Wamaasai mawili ya kati, na sababu moja inayotajwa mara kwa mara ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, taya zikikaza, angeweza kunyweshwa uji kupitia pengo hilo. (Wakamba wao walipendelea kuchonga meno ya mbele yawe na ncha, na hiyo ni habari nyingine, kwa sababu jino lililochongwa bado lina mzizi.) Miongoni mwa Wanuer na Wadinka wa Sudan Kusini waliofika Nebraska, Marekani, kama wakimbizi, wako waliotaka kurudishiwa meno ya chini waliyong'olewa utotoni, na baadhi wakawekewa vipandikizi. Tusiwacheke kwa kubadili nia. Jino la mbele husaidia kutamka, na mtu anayeomba kazi ugenini anajua anavyotazamwa.

Tuje sasa kwenye chuma chenyewe. Mwaka 1952, huko Lund nchini Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa ulio hai. Alipachika vijumba vidogo vya titani, vyenye kioo cha kuchungulia, katika miguu ya sungura. Titani ni madini mepesi, magumu, yasiyoshika kutu. Vijumba vile vilikuwa ghali, akataka kuvitoa avitumie tena, havikutoka. Mfupa ulikuwa umekua ukashikamana navyo. Mtu mwingine angelaani hasara yake na kuagiza vingine, lakini Brånemark alitumia maisha yake yote yaliyosalia kufuatilia jambo hilo. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimwekea vipandikizi Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya na kukosa meno ya chini. Larsson alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40. Hata hivyo madaktari wengi duniani hawakusadiki mpaka mkutano wa Toronto wa mwaka 1982, ambapo matokeo ya miaka mingi yaliwekwa mezani.

Hali hiyo ya mfupa hai kushikamana moja kwa moja na titani, pasipo utando kati yao, huitwa oseointegresheni. Jina ni zito lakini maana yake umeshaipata. Huenda unajiuliza kwa nini mwili usikitoe chuma hicho kama unavyotoa mwiba. Jibu liko kwenye ngozi yake. Titani ikigusa hewa, mara hiyo hiyo hujifunika kwa tabaka jembamba mno la oksidi, yaani titani iliyoungana na oksijeni. Tabaka hilo halimenyuki na mwili, na chembe zinazojenga mfupa hutambaa juu yake na kujishikiza kama zinavyojishikiza kwenye mfupa wa kawaida.

Kipandikizi kina sehemu tatu. Ya kwanza ni skrubu ya titani inayozama mfupani. Kwa kawaida ina unene wa milimita 3 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13, ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ya pili ni kiunganishi, kinachofungwa juu ya skrubu na kuchomoza kwenye ufizi. Ya tatu ni taji, jino lenyewe, la kauri au zirkonia, ambayo ni aina ngumu ya kauri.

Kabla ya kuugusa ufizi, daktari atataka picha. Eksirei ya kawaida huonyesha urefu wa mfupa bila unene wake, kwa hiyo mara nyingi hutakiwa skani inayoupima mfupa pande zote tatu. Katika taya la chini kuna mfereji unaopitisha neva ya mdomo na kidevu, na skrubu inapaswa kukomea angalau milimita 2 juu yake, la sivyo mdomo unaweza kubaki na ganzi isiyoisha. Katika taya la juu, nyuma, kuna sainasi, uwazi wenye hewa ulio chini ya shavu, na mfupa wa hapo mara nyingi ni mwembamba. Mfupa usipotosha huongezwa: kipande hukatwa mahali pengine kwenye taya la mgonjwa mwenyewe, au hutumika chembechembe za mfupa wa mnyama, kama ng'ombe, uliosafishwa hadi yakabaki madini matupu. Mwenye miiko ya dini na aulize mapema chembechembe hizo ni za mnyama gani. Nyongeza hiyo nayo huhitaji miezi kadhaa ya kukomaa.

Siku yenyewe ni ya kawaida kuliko hofu inayoitangulia. Hupigwa sindano ya ganzi kama ya kung'olea jino, nawe unakaa macho. Utahisi mtikisiko na msukumo, si maumivu. Ufizi hupasuliwa kidogo na kufunuliwa. Kisha hutumika keekee kadhaa kwa zamu, ya kwanza nyembamba ya kama milimita 2, halafu nene zaidi, hadi tundu likaribie unene wa skrubu. Muda wote huo maji ya chumvi, safi yasiyo na vijidudu, humiminwa juu yake. Usidhani ni ya kusafishia tu. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja, chembe zake huanza kufa, na mfupa uliokufa haushikamani na chochote. Daktari anayekwenda polepole, akichomoa keekee na kuiingiza tena, anaupooza mfupa wako. Baada ya hapo skrubu hukazwa kwa nguvu iliyopimwa, hufunikwa kifuniko kidogo, na ufizi hushonwa. Skrubu moja mara nyingi huchukua chini ya saa moja.

Hapa ndipo wagonjwa wengi hukosea, nami nitakaa kidogo. Siku ya kwanza skrubu imekaza, kwa sababu meno yake yameuma mfupa. Mgonjwa hupona kidonda kwa wiki moja au mbili, anajisikia mzima, anaanza kujaribu mahindi ya kuchoma. Lakini wakati huo huo mwili unaondoa mfupa uliojeruhiwa na keekee ili kuweka mpya, na mpya bado ni laini. Kwa hiyo katika wiki ya tatu au ya nne skrubu huwa imeshikwa kidogo kuliko siku ilipowekwa, ilhali mwenyewe hahisi lolote, kwa kuwa ule utando wenye neva haupo. Ikisukumwa sukumwa kipindi hicho, mwili huizungushia kovu laini badala ya mfupa, na skrubu hulegea. Utaratibu wa Brånemark ulikuwa kusubiri kama miezi 3 au zaidi kwa taya la chini na 6 kwa la juu. Siku hizi, mfupa ukiwa mzuri, madaktari huthubutu kufupisha, na mara nyingine huweka taji la muda mapema. Mimi binafsi, kwa mtu anayeishi mbali na kliniki, ningependelea subira.

Mfupa ukishashika, kiunganishi hufungwa, kipimo cha mdomo huchukuliwa, na taji hutengenezwa maabara.

Nani asubiri au aache? Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kwa kuwa vidonda vyake hupona shida. Mvutaji sigara, kwa sababu moshi hupunguza damu kwenye ufizi. Mtafunaji wa muguka, ambao ng'ambo ya bwawa upande wa Mbeere hulimwa kwa wingi, naye amweleze daktari wazi, maana hukausha mdomo, na mate ni kinga. Aliyepigwa mionzi ya saratani tayani, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, aseme pia. Kijana ambaye taya lake bado linakua hawekewi: meno jirani husogea na taya, kipandikizi hubaki pale pale na kuonekana kama kimezama. Hilo huwahusu vijana waliokosa meno ya chonge kwa sababu walipokuwa wachanga walifukuliwa kile kinachoitwa "meno ya plastiki", desturi yenye madhara ambayo bado iko sehemu kadhaa za kwetu. Wangoje wamalize kukua.

Kipandikizi hakiozi, lakini mfupa wake unaweza kuugua. Uchafu ukikaa kwenye ukingo wa ufizi huleta uvimbe unaokula mfupa kimyakimya. Mswaki, uwe wa dukani au wa mti, unafanya kazi ukifika pale ufizi unapokutana na taji.

Gharama ni kubwa, na jino moja huweza kupita shilingi 100,000. Meno bandia ya kuvaa na kuvua bado yanawafaa wengi, na daraja, yaani jino bandia lililofungwa kwenye meno jirani yaliyochongwa, ni njia ya kati. Usione haya kuulizia bei ya zote tatu, iwe uko Matuu, Thika au Machakos mjini, na hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Kazi ikiisha, omba kuandikiwa aina ya kipandikizi chako, unene na urefu wake. Viwanda ni vingi na kila kimoja kina skrubu na bisibisi zake. Siku taji litakapolegea, daktari mwingine asiye na karatasi hiyo atabaki akibahatisha bisibisi gani inaingia.