Je, Wajua? Karakana ya Mtoto Sebuleni

Je, wajua kuwa viti na meza za kimo cha mtoto, ambavyo leo havikosekani katika chekechea, vilikuwa jambo geni miaka mia moja na ushee iliyopita? Tarehe 6 Januari 1907 daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, alifungua nyumba ya kulelea watoto katika mtaa wa mafukara wa San Lorenzo, mjini Roma. Akaagiza meza nyepesi ambazo watoto wawili wa miaka minne waliweza kuzihamisha wenyewe, na makabati mafupi ili mtoto ajichukulie kifaa na kukirudisha bila kumwita mtu mzima. Hilo la mwisho ndilo ningelitanguliza katika nyumba yoyote, hata ya chumba kimoja cha kupanga. Mtoto anayelazimika kuomba kalamu iliyo juu ya kabati huchora siku ile tu ambayo mama ana nafasi.

Vipimo havihitaji fundi. Mketishe mtoto: nyayo zikanyage sakafu barabara, na kiwiko akikikunja kilingane na uso wa meza. Miguu ikining'inia, atajinyonganyonga na kuchoka mapema. Weka kasha la mbao chini ya nyayo zake. Mnorwei Peter Opsvik alilijibu tatizo hilohilo mwaka 1972 kwa kiti cha Tripp Trapp, ambacho kikalio chake na ubao wa kukanyagia hupandishwa au kushushwa kadiri mtoto anavyokua. Kwetu, seremala wa mtaani akiikata miguu ya stuli kuukuu, meza ya kwanza imepatikana. Hata mkeka na sinia kubwa la bati vinatosha: ukingo wa sinia huzuia shanga zisitawanyike na maji yasienee.

Je, wajua kuwa vitu vichache humfanya mtoto acheze kwa kina zaidi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliwatazama watoto 36 wadogo wakicheza, mara moja wakiwa na vitu 4, mara nyingine wakiwa na vitu 16. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Penye vitu vinne mtoto alikaa na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kukibunia matumizi mengi zaidi. Kwa hiyo lile kapu la midoli lililofurika halimsaidii kama tunavyodhani. Acha vinne au vitano mbele yake, vingine vifiche, na baada ya wiki vibadilishe. Atavipokea kama vipya.

Na ukuta? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwafundisha watoto 24 wa chekechea katika chumba kilichosheheni mapambo na katika chumba chenye kuta tupu. Kwenye mapambo mengi macho yalitangatanga zaidi, na majibu ya mtihani yakawa mabaya zaidi. Watengenezaji wa mabango ya herufi na wanyama hawatapenda kusikia hivyo. Bandika michoro miwili mitatu ya mtoto mwenyewe, katika usawa wa macho yake, si ya kwako.

Sanduku la kwanza la kalamu za nta za Crayola, lililouzwa Marekani mwaka 1903, lilikuwa na rangi 8 tu, kwa senti 5. Nane bado zinatosha.

Na penseli usiiogope: madini ya risasi hayamo kabisa ndani yake. Kijiti cheusi kile ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, mbinu aliyoibuni Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795.

Je, wajua kuwa unga wa kuchezea ulioenea duniani kote ulianza kama dawa ya kusafishia kuta? Huko Cincinnati, Marekani, kiwanda kimoja kilikuwa kikiuza donge laini la kufutia masizi ya makaa kwenye karatasi za ukutani. Watu walipohamia kwenye gesi na mafuta, masizi yakapungua na soko likaporomoka. Mwalimu wa watoto wadogo, Kay Zufall, shemeji wa mmoja wa wenye kiwanda, akawapa wanafunzi wake donge lile walifinyange. Mwaka 1956 likaanza kuuzwa kama Play-Doh. Jikoni kwako unaweza kukanda la kwako: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo mpaka lishikane, na kijiko cha mafuta ya kupikia. Chumvi hulifanya lisioze upesi, lakini ni nyingi mno kwa tumbo la mtoto, kwa hiyo usimwache alile.

Matofali sita ya LEGO ya ukubwa mmoja na rangi moja, yale yenye vichwa vinane, huunganishwa kwa namna 915,103,765. Hoja ninayoichukua hapo ni kwamba mtoto hahitaji ndoo nzima. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright alikuwa bado mdogo mama yake alipoviona vipande vya mbao vya mwalimu Mjerumani Friedrich Froebel kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, akamnunulia. Wright alivisifu vipande hivyo hadi uzeeni. Masalio ya mbao yaliyolala chini ya meza ya seremala, yakipigwa msasa hadi yasiwe na vibanzi, yanafanya kazi ileile.

Mwaka 1971 Simon Nicholson, msanii wa Uingereza, aliandika kwamba ubunifu wa mtoto hutegemea wingi wa vitu visivyo na kazi maalumu anavyoweza kuvisogeza, kuvipanga na kuvigeuza. Watoto wa pwani na bara walikuwa wanalijua hilo zamani: gari la waya, magurudumu ya visoda, mwanasesere wa gunzi la mahindi, mpira wa matambara. Huniuma kuona mzazi akilitupa gari la waya alilotengeneza mwanawe ili aweke la plastiki la dukani. Lile la waya lilimtaka mtoto afikirie ekseli inashikwa vipi na usukani unageuzaje magurudumu. La dukani lilishafikiriwa na mtu mwingine. Tenga boksi moja la vijiti, vifuu, vitambaa, makaratasi na vifungo, na liwe lake.

Ila kwa aliye chini ya miaka mitatu, pima kwanza. Kipimo rahisi ni kile kibomba cha ndani cha karatasi ya msalani: kinachopenya humo kinaweza kumkaba. Kisoda kinapenya. Betri bapa za saa na rimoti ni hatari kuliko vyote. Moja ikikwama kooni huweza kuunguza nyama vibaya katika muda wa saa mbili, kwa hiyo mkimbize hospitali papo hapo.

Je, wajua kuwa Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii? Alitumia mbao za dari na rangi ya kupakia baiskeli. Ubao kama ule ni mzuri kwa mtoto pia, maana haukunjiki wala kuchanika. Rangi ya mafuta ndiyo usimpe. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mpe rangi za maji, au mchemshie manjano, kiazisukari na kahawa, na umwongezee kipande cha mkaa.

Uegemeze ubao huo ukutani mara kwa mara. Kuchora ukiwa umesimama hutia nguvu bega na kifundo cha mkono, na mwandiko wa baadaye huanzia hapo.

Baraza la nyumba ya Zanzibar au Lamu ni meza tayari: mtoto hupiga magoti mbele yake, na mwanga haukosekani. Mwanga wa nje una faida nyingine. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu walipata uoni hafifu wa mbali kwa asilimia 30.4, wenzao waliobaki na ratiba ya kawaida, asilimia 39.5.

Jambo la zawadi nalo lifikirie. Mwaka 1973 watafiti waliripoti habari za watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota na utepe iwapo wangechora. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, watoto hao walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Kazi waliyoipenda ilikuwa imegeuka kibarua. Pipi, basi, usizihusishe na meza hii. Keti kando yake umwambie, "Hebu nisimulie, hapa pana nini?" kisha usikilize mpaka amalize.

Rhoda Kellogg, mwalimu wa San Francisco, alikusanya michoro ya watoto ipatayo milioni moja, akaainisha humo aina 20 za mikwaruzo ya mwanzo. Kutoka kwenye mikwaruzo hiyo huja duara, na duara likiota miguu, mtu amepatikana. Mwanao atapita njia hiyo katika miezi ambayo hutaikumbuka kwa mpangilio, kwa hiyo andika tarehe nyuma ya kila karatasi unayoitunza. Tumia penseli, maana wino hupenya na kutokea upande wa mchoro.