Neno "Kichocheo" na Mipaka Yake katika Kemia

Istilahi ya kemia "kichocheo" imechimbuka katika kitenzi "chochea", yaani kusukuma kuni au kuchokora makaa ili moto uzidi kuwaka. Kiambishi ki- na kiishio -o huonyesha ala; kwa hiyo kichocheo si mchochezi, mtu wa fitina, bali ni chombo. J. J. Berzelius wa Uswidi alipoipa dhana hii jina mwaka 1835, alitumia neno la Kiyunani lenye maana ya kulegeza. Kiswahili kimechagua moto, na uchaguzi huo wafaa kupimwa.

Kipimo chema ni uoksidishaji wa alkoholi, maana nao ni ndugu ya kuungua. Ethanoli, alkoholi iliyomo katika tembo la mnazi, hugeuka kwanza aldehaidi, kisha asidi. Ndiyo sababu tembo likiachwa wazi huwa siki. Mkemia mara nyingi huitaka hatua ya kwanza peke yake: alkoholi ya benzili igeuke benzaldehaidi yenye harufu ya lozi, isiendelee mbele. Basi kichocheo chake hakina budi kuchagua.

Kwa muda mrefu kazi hii imefanywa kwa misombo ya kromiamu, ambayo hutumika ikaisha na kuacha mabaki ya sumu. Njia nyingine ni kutandaza punje ndogo mno za metali juu ya egemeo yabisi. Mwaka 2004 Kiyotomi Kaneda na wenzake wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walieleza paladiamu iliyowekwa juu ya hidroksiapatiti, madini yaliyo jamaa ya mifupa na meno. Kioksidishaji ni oksijeni tu. Kichocheo huchujwa kikatumika tena.

Hata hivyo, metali yaweza kuyeyuka kidogo kidogo, ikafanya kazi ndani ya umajimaji. Kwa hiyo egemeo huchujwa kungali moto, kazi ikiwa katikati: umajimaji ukiendelea kugeuka, kichocheo halisi kimekwisha kulitoroka.

Hapa sitiari yaonyesha pande mbili. Kijiti cha kuchokorea makaa hubaki. Kuni zinazosukumwa huteketea. Kemia yataka maana ya kijiti, wala si ya kuni. Tena, kuchochea hakusemi lolote juu ya kuchagua. Yafaa basi vitabu vya shule viseme "kichocheo teuzi chenye egemeo", visiliachie neno moja mzigo wote.