Pangaboi au jeti? Swali la rubani mpya lililotua Chienge

JUMAMOSI moja ya Januari, msimu ambao uvuvi umefungwa na soko la Chienge limepooza, nilivuka mpaka kutoka Pweto kwenda kwa dada yangu mkubwa, ambaye sisi tunamwita Yaya. Sikwenda kununua kitu. Niliitwa. Mwanawe, mwenye umri wa miaka 24 na leseni mpya ya urubani, alikuwa amerudi kutoka Lusaka na barua mbili za kazi, na familia ilitaka mwalimu azisome kabla kijana hajatia sahihi.

Barua ya kwanza ilitoka kwenye kampuni ya ndege za pangaboi. Mshahara ni wa kawaida, kampuni inalipia mafunzo ya kurusha aina hiyo ya ndege, lakini rubani anafungwa kwa mkataba wa miaka mitatu. Ya pili ilitoka kwenye kampuni ya jeti. Mshahara unakaribia kuwa mara mbili, ila mafunzo, ambayo ni maelfu ya dola, anajilipia mwenyewe kabla ya kuanza. Mkataba ni wa mwaka mmoja.

Yaya alikuwa ameshaamua. "Nimeuza chisense miaka kumi na mitano," aliniambia. "Nimelala kwenye mitumbwi na kwenye malori. Mwanangu hawezi kurusha pangaboi, watu watanicheka."

Msomaji mpendwa, usimcheke Yaya. Pweto ilipoanguka Desemba 2000 tulikimbilia upande huu wa Zambia bila kitu, na hatimaye tukafika kambi ya Kala, wilayani Kawambwa. Mimi nilimalizia masomo yangu huko. Kijana huyu alizaliwa huko huko, chini ya turubai. Kwa mama yake, jeti ni jibu kwa wote waliotuita watu wa kambini.

Tena dharau hiyo haiko kwetu tu. Mwaka 2016, Serikali ya Tanzania ilipoleta ndege mbili za Dash 8 Q400 ili kuifufua Air Tanzania, wapo waliozibeza kuwa ni mapangaboi, kana kwamba ni vitu vya zamani.

Hilo ni kosa. Ndani ya injini ya Q400 au ya ATR mna mtambo unaofyonza hewa, kuikandamiza na kuiunguza pamoja na mafuta, kama ilivyo kwenye jeti. Tofauti ni matumizi ya nguvu inayopatikana. Kwenye jeti, hewa inayotupwa nyuma ndiyo inayoisukuma ndege mbele. Kwenye hii nyingine, karibu nguvu yote inakwenda kuzungusha pangaboi.

Matokeo yake ni haya. ATR 72 hubeba abiria 70 hivi kwa mwendo wa karibu kilomita 500 kwa saa, na Q400 hufika 650 hivi. Jeti huvuka 800. Lakini jeti hupata faida yake ikiwa juu, futi 35,000 na zaidi. Kwenye safari fupi kama Dar es Salaam hadi Zanzibar, haijamaliza kupanda na tayari inatakiwa kushuka, huku ikila mafuta mengi. Pangaboi, ambayo kwa kawaida haivuki futi 25,000, hutumia mafuta kidogo katika safari kama hiyo na hutua kwenye viwanja vifupi. Mfanyabiashara wa mpakani analijua jambo hili vizuri. Hakuna anayekodi lori la tani 30 kupeleka magunia kumi ya mahindi.

Ndiyo maana mashirika ya kwetu yanarudi huko mara kwa mara. Precision Air ya Tanzania iliwahi kuongeza Boeing 737, baadaye ikaziacha na kubaki na ATR. Jambojet ya Kenya ilianza mwaka 2014 kwa Boeing 737, kisha ikahamia kwenye Q400. Zambia Airways, iliyofilisiwa mwaka 1994, ilipoanza tena kuruka Desemba 2021 ilianza na Q400.

Nilimgeukia kijana nikamuuliza yeye anataka nini. Alisema, "Mjomba, nataka jeti. Ila naogopa."

Sababu zake za kuitaka si za kitoto. Jeti hupita juu ya sehemu kubwa ya mawingu ambayo pangaboi hulazimika kuyazunguka au kupita ndani yake. Mshahara ni mzuri. Mashirika makubwa, yanapotafuta watu, hupenda aliyezoea jeti. Na jeti ina elimu yake. Rubani lazima afikiri mbele ya ndege. Kuna hesabu ya kichwani wanayofundishwa: kila futi 1,000 za kushuka zinataka maili tatu za angani. Aliye futi 35,000 aanze kushuka akiwa maili 105 kabla ya uwanja, yaani karibu kilomita 195. Akichelewa, atafika akiwa juu mno na kasi mno.

Pangaboi nayo ina elimu yake. Injini moja ikizimika, pangaboi lake hugeuka kuwa breki na kuivuta ndege upande mmoja, hadi mabapa yake yageuzwe yakate upepo. Ndege za kisasa hufanya hivyo zenyewe, lakini rubani lazima awe na miguu myepesi kwenye usukani wa mkia. Halafu kuna idadi ya safari. Ndege za masafa mafupi huweza kuruka mara nne au zaidi kwa siku, na rubani mkuu na msaidizi wake hupokezana kutua. Kijana wetu ana saa 200 na kitu. Leseni ya juu, ile ya kuweza kuwa rubani mkuu wa ndege ya abiria, inadai saa 1,500. Kila kutua katika saa hizo ni somo.

Hapo Yaya akauliza swali ambalo wote tulikuwa tunalikwepa: "Na ile ya Bukoba?"

Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliofika kwanza. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuliielewa habari ile kwa uchungu wa pekee.

Kijana alimjibu mama yake taratibu. Alisema ziwa na mvua havichagui aina ya injini, na jeti nazo zimeanguka katika hali mbaya ya hewa. Alisema kinachomwogopesha zaidi ni kufika siku kama ile akiwa hajazoea. Yaya alinyamaza. Naye anawajua wanaume wa Mweru walionunua mashine kubwa ya boti kabla ya kujifunza kupiga kasia.

Nikarudi kwenye karatasi. Barua ya jeti ilitaka pesa kwanza, na pesa hiyo ingetoka kwenye boti na nyumba ya Yaya. Kampuni ikisimama je? Fastjet ya Tanzania ilianza Novemba 2012 kwa jeti za Airbus A319, na mwishoni mwa 2018 ilikuwa imeacha kuruka. Hata shirika lililo imara hupata shida. Mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya jeti zake za Airbus A220 kwa matatizo ya injini yaliyoyakumba mashirika mengi duniani.

Barua ya pangaboi nayo nilikuwa na neno nayo. Miaka mitatu ni mingi. Nilimwambia aulize kama deni la mafunzo linapungua kila mwezi anaofanya kazi, na nini kitatokea akiugua au kampuni ikimwachisha.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusaidia mwalimu mzee pale Kala, katika darasa lililojaa hadi watoto wakakaa chini. Nilipewa nafasi nyingine yenye jina kubwa na posho nzuri, nikaikataa kwa shingo upande. Yote ninayoyajua kuhusu kushika darasa nilijifunza kwa mzee yule katika miaka miwili.

Kijana aliandika barua yenye maswali yale. Siku tisa baadaye alijibiwa kuwa deni litapungua mwezi hadi mwezi, akatia sahihi ya pangaboi. Jeti ataifuata akiwa na saa zake mkononi. Njia hiyo wameipita marubani wengi kabla yake.

Wazazi wenzangu wa kando ya ziwa, mtoto akileta barua ya kazi msiulize kwanza chombo kina ukubwa gani. Ulizeni nani analipia mafunzo, nani atamfundisha, na kampuni ikifungwa deni linabaki kwa nani.

Yaya hajaridhika sana. Lakini ameuliza kama ndege hiyo itapita juu ya Chienge, na saa ngapi.