Amri na Maneno ya Mgeni Visichanganywe

Wananchi wengi siku hizi hutia majina yao katika kompyuta za benki, hospitali na ofisi. Ni wachache wanaojiuliza jina hilo hupita njia gani hata likafika katika hifadhi ya data. Leo tumekusudia kuieleza njia hiyo, kwani usalama wa mali na siri za watu umo ndani yake.

Hifadhi nyingi huulizwa kwa lugha ya SQL, ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM, Marekani, waliitangaza mwaka 1974. Katika lugha hiyo, neno la mteja hufungwa baina ya alama mbili za ritifaa. Mtunga programu asiyejali huliunganisha neno hilo na sentensi ya amri, vikawa kitu kimoja. Akija mtu aitwaye Ng'ang'a, ritifaa ya jina lake hulifunga neno mara tu baada ya "Ng", na yaliyosalia husomwa kama amri. Mashine hukataa, na mwenye jina huambiwa amekosea, hali hana kosa lolote. Akija mwizi, huandika ritifaa kwa makusudi, akaifuatisha na amri yake mwenyewe. Na mashine humtii.

Hayo si mambo ya kubuni. Mwezi Oktoba 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk, Uingereza, ilivamiwa kwa njia hiyo, na habari za wateja 156,959 zikafikiwa. Mwaka 2016 ilitozwa faini ya pauni 400,000.

Dawa ipo. Katika ADO.NET, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2002, mna chombo cha amri kiitwacho SqlCommand. Chombo hicho hubeba vitu viwili mbalimbali: sentensi ya amri yenye nafasi wazi, mathalani @jina, na parameta, yaani maneno ya kujaza nafasi hizo. Hifadhi huisoma sentensi kama amri, na parameta kama maneno matupu. Ng'ang'a hupokewa kwa jina lake kamili. Hila ya mwizi hubaki maandishi tu.

Lakini chombo peke yake hakitoshi. Anayeunganisha maneno ya mgeni ndani ya sentensi ya amri, hata akitumia SqlCommand, ameuacha mlango wazi. Hapana budi basi wakuu wa ofisi wawaulize watunga programu wao: je, parameta zinatumika?