Pembe na Neno: Sanaa ya Bwami Miongoni mwa Walega wa Maniema

Kiswahili kiliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, na kilichowavuta watu hao hadi Nyangwe na Kasongo, kusini ya mahali ulipo mji wa Kindu leo, ni pembe za ndovu. Kwao pembe ilikuwa mzigo wa kupimwa kwa frasila. Mashariki ya Kindu, katika misitu ya Pangi na kuendelea hadi Shabunda na Mwenga katika Kivu ya Kusini, Walega (wengi huwaita Warega) waliithamini pembe hiyo hiyo kwa kipimo kingine kabisa.

Kipimo hicho kilitokana na bwami. Neno lenyewe lataka hadhari. Katika sehemu nyingi za Kivu mwami ni mfalme. Kwa Walega, ambao hawakuwa na mfalme, mwami ni yeyote aliyeingizwa katika bwami, chama chenye ngazi zinazopandwa kwa mafunzo, karamu na michango ya jamaa. Ngazi ya juu ya wanaume ni kindi, na inayoifuata ni yananio. Wanawake nao wana ngazi zao. Cheo husomeka mwilini: kofia zilizoshonewa kauri kutoka pwani, mkia wa ndovu, mkufu wa meno ya chui. Sanamu ndogo za pembe au mfupa, iginga (wingi maginga, kama jina na majina), ni za kindi. Vinyago vidogo vya mti, lukwakongo, vyenye ndevu za nyuzi na nyuso zilizopakwa udongo mweupe, ni vya yananio. Ni nadra kinyago hicho kufunika uso: hushikwa, hufungwa kwenye mkono, hutundikwa kwenye ua, hata huburutwa kwa ndevu zake.

Hapo ndipo mtazamaji wa makumbusho hupotea, kwani hutafuta maana katika umbo. Maana imo katika methali inayoimbwa na kuchezwa kitu kinapooneshwa. Sanamu yenye nyuso nyingi huitwa Sakimatwematwe, yaani Bwana Vichwa-vingi (linganisha -twe na kitwa cha lahaja za kaskazini). Humsifu mzee mwenye busara aonaye pande zote. Bila methali, ni kipande cha pembe tu. Kwa sababu hiyo hiyo hata balbu ya taa ya umeme iliwahi kutumika katika mafundisho ya bwami bila kuonekana kioja: neno lilitosha kuipa hadhi.

Serikali ya Wabelgiji ilipiga bwami marufuku mwaka 1948. Daniel Biebuyck aliyafanyia mafundisho hayo utafiti katika miaka ya 1950, na kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1973. Lakini vitu vingi vilikwisha kuondoka, au viliendelea kuondoka, bila maneno yake. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yanavyo vingi. Mwaka 1989 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu.

Wenyewe walizisugua sanamu kwa majani makavu yenye kukwaruza, wakazipaka mafuta na manukato kama walivyojipaka wao wenyewe, hata zikapata wekundu wa asali. Wekundu huo ndio wanaoulipia wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na ndio waghushi wanaojitahidi kuuiga.