Unadhani Nani Ametutuma?

Swali linaloniwasha limekaa mkiani mwa dodoso la Afrobarometer, ule utafiti wa maoni unaozunguka nchi nyingi za Afrika na ambao hapa kwetu umekuwa mikononi mwa taasisi ya utafiti ya REPOA. Mhojiwa keshaulizwa habari za maji, barabara, rushwa, polisi na Bunge. Keshaulizwa, kama uchaguzi wa rais ungefanyika kesho, angempigia kura mgombea wa chama gani. Muda umekatika, mboga inaungulia jikoni, mtoto analia. Ndipo mdadisi anauliza: unadhani ni nani ametutuma tuje kukuhoji?

Nililikuta nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, takwimu za Uchaguzi Mkuu wa 2015, nikashindwa kuendelea na shughuli yangu. Maana dodoso hilohilo linaanza na mdadisi kujitambulisha na kueleza kwamba hawakilishi serikali wala chama chochote cha siasa. Amesema, mhojiwa amesikia, amekubali kuhojiwa. Sasa anaulizwa tena ya nini? Waliolitunga wanajua kwamba wengi hawakuamini. Katika nchi nyingi, kundi kubwa la wahojiwa hujibu bila kusita: serikali.

Kama ni hivyo, ile kura aliyoitaja dakika chache kabla, alikuwa anamtajia nani?

Hilo ndilo lililonipeleka Area D, hapahapa Dodoma, kwa mama mmoja aliyefanya kazi ya udadisi kwa miaka mingi, Mpwapwa hadi Manyoni, kwa taasisi hii na ile. Ameomba jina lake nisilitaje kwa sababu bado anaitwa kazini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na toka hapo nikawa mdogo wake.

Nilitaka tuanze na utabiri: watu elfu moja au mbili wanawezaje kusema nchi nzima itamchagua nani? Akanikatiza. "Mdogo wangu, usianzie kwenye kura. Kura ni swali la dakika moja. Anza na mlango. Huo mlango umeupataje?"

Akafungua mkoba wake na kutoa kifurushi cha kadi kilichofungwa mpira. Zimekatwa kwa mkono kutoka kwenye boksi, kingo zimelegea kwa jasho la vidole, na kila moja ina namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Siku hizi kishikwambi kinachagua chenyewe, lakini zama za makaratasi hizi kadi ndizo zilikuwa roho ya kazi. Akazipanga mezani kifudifudi, akaniambia nichague moja. Nikachagua. "Umeona? Sijakuchagua mimi. Hajakuchagua mwenyekiti. Ndiyo maana yake."

Lakini kabla ya kadi kuna mguu. Kwa utaratibu wa Afrobarometer, maeneo ya kuhesabia watu, yaleyale ya sensa, yanachaguliwa kwa bahati nasibu, na kila eneo linatoa wahojiwa wanane tu. Timu ya wadadisi wanne inashushwa mahali pamoja, kila mmoja anashika upande wake. Nyumba ya kwanza inatokana na tarehe. Ikiwa tarehe 14, unajumlisha moja na nne, unapata tano. Unahesabu nyumba kulia na kushoto mpaka ya tano, unabisha hodi. Ukimaliza hapo, unaendelea na njia ileile mpaka nyumba ya kumi inayofuata. Haijalishi kama ya kumi ina mbwa mkali, na ya tisa ina kivuli cha mwembe na watu wanaokuita karibu.

Vijiji vya Dodoma, anasema, vinamsaidia mwenye kuhesabu. Vingi vilipangwa mistari wakati wa Operesheni Dodoma, 1971, Wagogo walipotolewa kwenye matembe yao yaliyotawanyika na kuwekwa pamoja. Sikuwahi kufikiria kwamba operesheni ile ingekuja kuwafaa wapima maoni. Ukitoka nje ya mistari, ukaingia huko kwenye mashamba ya mtama na uwele, kati ya nyumba ya tano na ya kumi unaweza kutembea nusu saa ukiwa na chupa moja ya maji.

Kisha unapaswa kujua kaya ni nini. Kwenye karatasi maelezo ni mepesi: kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Kwenye boma la mzee mwenye wake wawili, kila mke na jiko lake, hizo ni kaya mbili. Mama huyu anakumbuka mzee mmoja wa upande wa Bahi aliyenuna aliposikia kwamba boma lake linahesabiwa kama majirani wawili. Alimpoza kwa salamu, mbukwa nyingi, na habari za mvua, kisha akahesabu vyungu viwili.

Ndani ya kaya sasa ndipo kadi zinapoingia. Ikiwa mhojiwa wako wa mwisho alikuwa mwanamume, huyu lazima awe mwanamke. Unaandika wanawake wote wa nyumba hiyo waliofikisha miaka 18: bibi, mke, binti, mkwe, dada wa kazi. Kila mmoja namba yake. Kadi zinafunikwa, moja inavutwa, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Baba mwenye nyumba keshavaa shati, keshaleta kigoda, keshajiandaa kueleza hali ya nchi, halafu kadi inaangukia kwa mkwe wa miaka 19 anayetwanga nyuma ya nyumba.

"Atasema, huyu anajua nini? Mimi hapo sibishani. Namwambia, baba, ni kadi, si mimi. Naye anajua kadi hazina adabu."

Niliipenda sana sehemu hii, nakiri. Sijui pengine nchini ambapo mkwe na mkwewe wanapewa nafasi sawa ya kusemea taifa, zaidi ya kwenye kituturi cha kura chenyewe. Kwa Tanzania nzima wanakusanywa watu wapatao 2,400 namna hiyo, na hesabu inasimama kwa sababu hakuna aliyejipeleka. Ukiuliza watu 20,000 waliojileta wenyewe kwenye mkutano, utajua tu wanaopenda mikutano wanasemaje.

Na 2015 nchi nzima ilikuwa ikitabiri kwa mikutano. Msomaji anaukumbuka mwaka ule. Waliochukua fomu za CCM kuwania urais walikuwa 42, macho yote yakiwa kwa Edward Lowassa. Julai, wajumbe wakajaa Dodoma. Jina la Lowassa halikufika kwenye tano bora za Kamati Kuu. Baadhi ya wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba imani yao kwake mbele ya Mwenyekiti Jakaya Kikwete, na haikusaidia. Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Ukiwauliza wazee wa mjini hapa leo, kila mmoja alijua mapema. Mwezi huohuo Lowassa akahamia Chadema, akabeba bendera ya Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, na mikutano yake ikaitwa mafuriko. Picha za umati zilizunguka WhatsApp kama hati za ushahidi. Magufuli naye alipiga pushapu jukwaani. Mtabiri wa nyota aliyezoeleka misimu kama hiyo, Sheikh Yahya Hussein, alikuwa amefariki 2011, kwa hiyo kila mtu akajifanya yeye.

Septemba 22 asasi ya Twaweza ikatoa namba. Mradi wake wa Sauti za Wananchi ulikuwa na utaratibu ambao mama wa Area D anausifu kwa wivu: kaya 2,000 zilichaguliwa kwa bahati nasibu, wadadisi wakafika kwa miguu mara ya kwanza, wakaacha simu na chaja ya sola, na kuanzia hapo maswali yakawa yanakuja kwa kupigiwa. Kati ya Agosti na Septemba 2015 walijibu watu 1,848. Magufuli asilimia 65, Lowassa 25. Kampuni ya utafiti ya Ipsos nayo ikatoka na 62 kwa 31. Upande wa mafuriko ulizikataa tafiti zote mbili.

Oktoba 29 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza: Magufuli asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Waliopiga kura walikuwa 15,589,639.

Kwa hiyo walipatia au walikosea? Mshindi walimtaja. Lakini pengo walilolitabiri, pointi 40 kwa hesabu ya Twaweza, lilikuja kuwa chini ya 19. Lowassa alipata zaidi ya mara moja na nusu ya alichopewa. Inawezekana kampeni ziliwahamisha watu katika wiki zile za mwisho. Simu zilipigwa kampeni zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Mama huyu ana maelezo mengine, na aliyasema akiwa anazifunga kadi zake mpira.

Anasema kuna majibu ya aina tatu kwa swali la rais. Wa kwanza anajibu kabla hujamaliza kuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Wa pili anasema hajaamua. Wa tatu anatabasamu na kusema kura ni siri. Huyo wa tatu unamjaza kwenye kisanduku cha aliyekataa kujibu, halafu kwenye ripoti anapotea. Lakini 2015, kwa mujibu wake, katika vijiji vya Dodoma ambako kijani ndiyo rangi ya kawaida ya fulana, mtu wa CCM hakuwa na sababu ya kuficha. "Sasa niambie wewe, waliobaki na siri walikuwa akina nani?" Ukivuka kwenda Ikungi, mkoani Singida, wakati huo jimboni kwa Tundu Lissu wa Chadema, anasema mambo yaligeuka: huko watu walikunyooshea vidole viwili kabla hujajitambulisha.

Hayo ni maoni yake, na hayajapimwa na kadi yoyote. Ila yananirudisha kwenye swali la mkiani, kwa sababu ya jambo moja ambalo hakuna ripoti inayoliandika kwenye kurasa za mbele.

Mdadisi haingii kijijini hivihivi. Anakuja na kibali cha utafiti na barua. Barua imepita mkoani, ikapita wilayani, ikapita kwa mtendaji wa kata, ikafika kwa mtendaji wa kijiji, na kila ilipopita imegongwa muhuri. Anasaini kitabu cha wageni chini ya picha ya Rais. Anapewa mwenyekiti wa kitongoji au balozi wa kumuonyesha mipaka. Msafara huo ndio unaobisha hodi, na huyo mwenye barua ya mihuri minne ndiye anayesema: mimi si mtu wa serikali. "Hata mimi ningejibu serikali," mama akasema, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Nikamuuliza kama hawezi kumwacha mwenyekiti barabarani. Anajaribu. Anamwomba kistaarabu akapumzike. Wengine wanaondoka, wengine wanahamia kwenye kivuli cha jirani ambako kila neno linafika.

Kuacha barua hawezi. Na baada ya 2018 barua zimekuwa na uzito zaidi. Julai mwaka ule Twaweza ilitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba wanaoukubali utendaji wa Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 71 mwaka uliotangulia mpaka 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikawaandikia wajieleze kuhusu kibali. Hati ya kusafiria ya mkurugenzi wao wa wakati huo, Aidan Eyakuze, ikashikiliwa. Septemba Bunge, hapahapa Dodoma, likarekebisha Sheria ya Takwimu kwa ukali uliozua kelele nje na ndani, kisha 2019 likailegeza. Matokeo ya urais yaliyofuata ni asilimia 84 kwa Magufuli mwaka 2020, na zaidi ya 97 kwa Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2025, Chadema na ACT-Wazalendo wakiwa hawamo kwenye karatasi ya urais. Mwenye kadi za boksi hana la kutabiri hapo.

Bado kazi zipo, anasema: lishe, mikopo ya kina mama, matumizi ya vyoo. Maswali ya siasa yakiwemo huwa yanakaa katikati, yamebanwa na maji na shule.

Kitu cha mwisho alichonionyesha kilikuwa ukurasa ambao mhojiwa haulizwi. Mahojiano yakiisha, mdadisi anajaza peke yake: nyumba imeezekwa kwa nini, nani mwingine alikuwepo akisikiliza, je, kuna aliyemshawishi mhojiwa. Halafu anampima tabia: alikuwa mkarimu au mkali, mtulivu au mwenye shaka, mkweli au mpotoshaji, au katikati. Nilitaka kujua yeye, miaka yote hiyo, kwenye ukweli anajaza nini.

"Mara nyingi katikati."

Na wale wa katikati, nikamuuliza, kura waliyokutajia unaihesabu nzima au nusu?

Akasema hilo niwaulize wenye ofisi. Yeye kazi yake ni mlango.